Koplo tuliyemzika Kilolo

Mwanzoni mwa 1998 mvua za El Niño zilikuwa bado hazijaachia, na barabara ya kutoka Iringa kupanda Kilolo ilikuwa tope tupu. Lori letu lilibeba jeneza la koplo wa kikosi chetu, aliyefariki kwa ugonjwa akiwa bado kazini. Mimi nilikuwa sajini, na ndiye niliyepangwa kuongoza maziko. Ofisa aliyenipanga aliona inafaa sana: "Wewe si wa huko huko kwenye baridi?" Kwetu ni Tukuyu. Kutoka kwetu hadi Kilolo ni safari ya siku nzima, lakini kwa watu wa Dar es Salaam kila anayevaa sweta ni jirani wa mwenzake.

Mzee wa ukoo alitoka kutupokea. Alinipita kama nguzo, akaenda kwa dereva, kijana mwenye kifua kipana na asiye na cheo chochote begani, akampa mikono yote miwili. "Kamwene, afande." Dereva alikaribia kuzama ardhini. "Mzee, mkuu wetu ni mama huyu."

Mzee alinipima kuanzia buti hadi kofia, kisha akauliza tumetoka wapi.

"Lugalo, baba."

"Lugalo hii yetu?"

"Kambi ya Dar es Salaam. Ila jina wamelichukua hapa kwenu."

Hapo uso ukafunguka. Akawageukia vijana wangu, akaanza kuwasimulia jinsi Mkwawa alivyowavizia Wajerumani pale Lugalo, Agosti 1891, na jinsi kiongozi wao Zelewski alivyoishia hapo hapo. Wingu lilikuwa limejaa na kaburi lilikuwa linaingia maji, lakini nilimwacha amalize. Tangu hapo kila jambo aliniuliza mimi.

Wanawake ndio walionipa kazi. Tukiwa tunajipanga, mama mmoja wa makamo alinijia na kanga mkononi, akanivuta pembeni. "Mwanangu, makaburini na suruali? Jifunge hii." Hakunisema vibaya, alikuwa ananisitiri, kama ambavyo mama yangu angefanya. Nami siwezi kuongoza heshima za mwisho nimejifunga kanga juu ya kombati. Nikamwambia, "Mama, nishikie. Nikimaliza kumzika mwanao nitaivaa." Akaikunja, akaiweka kwapani, akabaki amesimama nyuma yangu muda wote.

Nilimtuma balozi wa nyumba kumi awaeleze watu kwamba tutapiga mara tatu hewani, kwamba ni risasi baridi hazina kichwa, na kwamba akina mama wawashike watoto. Haikusaidia sana. Mlio wa kwanza tu watoto walitawanyika mahindini, na mbuzi mmoja alikata kamba, sikusikia kama alipatikana. Amri nilizitoa kwa sauti ya tumboni, ile tuliyofundishwa kwenye uwanja wa gwaride wa JKT Mafinga, alfajiri za Juni ambapo mdomo unakuwa mzito kwa baridi na koplo anayekufundisha hataki kusikia habari hiyo. Bendera ikakunjwa, nikamkabidhi baba wa marehemu. Mikono yake ilikuwa na udongo.

Kisha nikageuka, nikaidai kanga yangu. Nikajifunga, nikavua buti mlangoni, nikaingia kwa akina mama, nikakaa mkekani. Hapo nikaulizwa yote: nina watoto? Nani anawapikia? Mume akiniudhi, nampigisha kwata? Kicheko kilipita chini chini, msibani.

Mama mzazi wa koplo alikuwa hajasema neno tangu tufike. Akanishika goti.

"Na wewe ukifa, watakupigia hivi hivi?"

"Nikifa kazini, watanipigia, mama."

"Basi waambie wakupigie mbali kidogo na nyumba. Mwanangu hakupenda kelele."

Nje dereva alishaanza kupiga honi. Mvua ilikuwa inarudi na mteremko ulikuwa unatungoja.