Babu, kaseti ya The Lost Patrol na boma la Wajir

Hii ilikua Mombasa, Kisauni, miaka ya themanini ikielekea kuisha, na mimi nlikua mwanafunzi wa primari bado. Babu mzaa mama alikua ameletwa kutoka kwao Taita aje afanyiwe operesheni ya macho. Alikua na mtoto wa jicho kote kuwili, anaona mwanga na vivuli tu, ukipita mlangoni anajua kuna mtu lakini hajui ni nani mpaka useme shikamoo.

Sasa sisi tulikua tunajua babu alikua KAR, jeshi la Waingereza la askari Waafrika (King's African Rifles), wakati wa vita vya Hitler, basi, hapo ndo mwisho. Hakua anaongea. Mama amelelewa na yule mzee na hata yeye alikua hajui alipigana wapi. Ukimuuliza anakwambia "tulikua kule juu" na anageuza mazungumzo, anauliza mahindi yamepanda bei ama bado.

Mjomba alikua amerudi kutoka Dubai na deki ya video pamoja na katoni nzima ya kaseti, nyingi za Kihindi na za karate, na kati yake kulikua na moja haina kava, imeandikwa tu kwa kalamu Lost Patrol. Siku hio wakubwa wote walikua wametoka, mimi nimeachwa nikae na babu, nikaitia ile kwa sababu za karate nlikua nishazitazama mpaka nazijua kwa moyo. Kumbe ni filamu ya kizamani, haina rangi, nikataka kuitoa. Halafu ikalia bunduki.

Babu alikua amelala kwenye kochi. Akainuka, akageuza sikio upande wa tivii. "Hio ni bunduki moja, na iko mbali. Nani ameanguka?"

Nikamwambia ni afisa, alikua mbele juu ya farasi, sasa yuko chini kwenye mchanga.

"Na oda anazo nani?"

Mimi sikuelewa swali lakini baada ya dakika kidogo tu wale wanajeshi kwenye filamu wakaanza kuulizana vile vile, na ikajulikana marehemu alikua ameziweka oda zote kichwani mwake peke yake, hakuna anayejua walikua wanaenda wapi wala kufanya nini. Sajenti ndo akabaki na mzigo. Nlivyomweleza babu akapiga mkono kwenye goti, akasema huyo afisa alikua hafai, afisa anamwambia sajenti wake kila kitu, manake risasi haiangalii cheo.

Nikasahau kuitoa kaseti. Nikaanza kumsomea picha, namwambia kila kinachopita, na Kiingereza natafsiri kile nlichokishika, na yeye anauliza. Na maswali yake hayakua ya mtu anayetaka stori. Wana farasi wangapi? Maji wamebeba ndani ya nini? Jua liko wapi, mbele yao ama nyuma yao?

Kwa ambao hawajaiona, filamu yenyewe ni ya 1934, ya kampuni ya RKO ya Marekani, imeongozwa na John Ford. Ni kikosi kidogo cha Waingereza wamepotea jangwani Mesopotamia, hio Iraki ya leo, vita vya kwanza vya dunia. Wanafika mahali pana mitende, maji, na msikiti uliobomoka, na hapo wanajificha, ndo inakua boma lao. Walipiga picha jangwa la karibu na Yuma, Arizona, na pesa zilikua kidogo, unaona mwenyewe: mchanga, mitende, ukuta mmoja, wanaume kumi na kitu, mwanamke hata mmoja hakuna. Na adui humuoni. Karibu filamu nzima unaona mtu anaanguka tu, risasi imetoka nyuma ya matuta, haujui imepigwa na nani.

Mjomba siku zote alikua akisema filamu ya vita isiyoonyesha adui ni ya maskini. Mimi naamini ule umaskini ndo umeifanya iwe ya kweli, na nasema hivyo kwa sababu ya babu. Nlipomwambia Waarabu wenyewe hawaonekani, kuna mchanga tu, akajibu, "Ndio. Ndo ilivyo. Unaangalia kichaka mpaka kichaka kinaanza kutembea."

Basi usiku wa kwanza pale kwenye mitende sajenti anaweka mlinzi, kijana mdogo, mgeni wa jeshi, ambaye saa chache nyuma alikua anaongea vile anavyotamani vita. Nikamwambia babu, mlinzi ni mmoja, ni mtoto mtoto. Akakasirika kikweli kweli. "Mmoja? Usiku? Na farasi wamefungwa wapi?" Asubuhi yule kijana ameuawa na farasi wote wameibwa. Babu alinyamaza, halafu akaanza kuongea na hakua ananiambia mimi tena, alikua anaongea tu.

Akasema Wajir, kule kaskazini mashariki mwa Kenya, boma lilikua jeupe, ukuta mweupe, na mchana ule weupe unakupiga macho mpaka unalia machozi. Walikua wanasimama zamu wawili wawili, mmoja anaangalia mbali na mwenzake anasikiliza. Maji ni ya visima, yana chumvi chumvi, chai ukiipika kwa maji yale huinywi kwa raha, na tumbo linakuuma siku za mwanzo mpaka lizoee. Na jirani yake kwenye zamu alikua mtu wa Nyasaland, hio Malawi ya leo, wanaongea Kiswahili cha jeshi, na yule alikua akisikia mnyama akitembea mbali anakwambia huyu fisi huyu si fisi, kwa hatua tu.

Halafu akataja Moyale, mpakani na Ethiopia. Julai 1940 Waitaliano walilizunguka boma la Moyale, ndani iko kampuni moja tu ya KAR, wanapigwa mizinga, maji yanakwisha, na mwishowe wakatoka usiku kimya kimya wakapita katikati ya adui. Babu hakua ndani, yeye alikua Wajir, lakini alisema aliwaona baadhi yao baadaye na midomo yao ilikua imepasuka pasuka kama udongo wa bwawa lililokauka, unampa mtu maji anashindwa kufumba mdomo.

Na kwenye tivii filamu inaendelea. Sajenti, yule Victor McLaglen, anatuma watu wawili waende kutafuta msaada kwa miguu, na wanarudishwa wamekufa wamefungwa juu ya farasi. Mwingine anapanda mtende aangalie, anapigwa risasi huko huko juu. Kuna mmoja wa dini sana, anaigiza Boris Karloff, jua na hofu vinampanda kichwani, mwisho anatoka nje na msalaba anapanda tuta la mchanga. Mimi nlikua nacheka, wallahi, nikidhani amefanywa chizi ili tucheke. Babu akasema nisicheke. Akasema walikua na mmoja hivyo hivyo, alivua shati akaanza kutembea kuelekea El Wak, mpakani na Somalia, wakamfuata kwa lori wakamkuta amekaa chini ya mti anaimba wimbo wa harusi, na alipona, alirudi kwao akalima mpaka akazeeka.

Na kabla ya huyo wa msalaba kuna ile sehemu ya ndege. Rubani anawaona, anatua, anashuka anatembea taratibu, fimbo mkononi, na wale wanampigia kelele alale chini, hasikii, anapigwa risasi mbele yao. Nlisimama kwenye kochi. Babu naye alikua anapiga kelele na wale wa kwenye filamu, "Lala! Lala chini!" na jirani akaja dirishani kuuliza kuna nini.

Mwisho sajenti anabaki peke yake na bunduki ya rashasha aliyoing'oa kwenye ile ndege, na hapo tu ndo adui wanaonekana, wanatembea kuja wakidhani wote wamekwisha. Kikosi cha msaada kikifika afisa anamuuliza watu wako wako wapi, na yeye hajibu, anaangalia makaburi, kila kaburi lina upanga umechomekwa kwenye mchanga. Babu akauliza makaburi wamewekea mawe? Nikamwambia hapana, panga tu. Akatikisa kichwa. Sisi tuliweka mawe, alisema, kwa sababu ya fisi. Na akataja majina. Alitaja pole pole, la mtu na la baba yake, na mimi nikachukua daftari la hesabu nikayaandika nyuma, sikuambiwa niandike, niliandika tu.

Lile daftari mama bado analo. Miaka mingi baadaye nlienda nalo kwenye makaburi ya vita pale Ngong Road, Nairobi, kuna ukuta wa kumbukumbu ya wanajeshi waliokufa upande ule na makaburi yao hayajulikani. Kuna majina nliyaona pale na kuna ambayo nlitafuta mpaka mlinzi akaniambia wanafunga.

Mjomba aliporudi jioni ile alitukuta kaseti imekwisha, tivii inakoroma, na mzee anaongea. Akasimama mlangoni na mfuko wa mkate mkononi. Hakuna aliyemwamkia. Babu alimsikia akasema, kaa chini, rudisha hio kitu mwanzo. Deki ikalia ikirudisha, na ilipoanza upya nikafungua mdomo kusoma picha nikaambiwa ninyamaze, safari hii atasema mwenyewe. Na akasema yote, bila kuona, ila afisa aliyeanguka safari hii alianguka njia ya El Wak, mitende ikawa visima vya Wajir, kijana wa zamu akapewa jina na kijiji, na alipofika kwa yule rubani akatukana Kitaita, matusi ambayo mama aliyasikia akiingia na hakusema neno, alivua viatu akaja akakaa nasi sakafuni.