Hela ya soda, saa tisa usiku

Leo asubuhi jirani kaniletea simu yake. "Hebu niangalizie, hii nini?"

Meseji ya benki: shilingi 2,300 zimekatwa kwenye kadi saa tisa usiku, duka la mtandaoni asilolijua.

Hela ya soda. Alitaka kuipuuza.

Kumbe hiyo ndiyo ya kuogopa. Mwizi mwenye namba zako haanzi na milioni; anajaribu kidogo kwanza aone kama kadi iko hai. Ikipita, kubwa inafuata, na Desemba hii ya manunuzi kila siku, meseji yake inapotelea katikati ya nyingine.

Tukaifunga kadi kwenye programu ya benki, ndipo tukapiga simu. Namba ni ile iliyo nyuma ya kadi, siyo inayokuja kwa meseji.

Kaomba kadi mpya yenye namba mpya. Kubadili PIN tu hakusaidii: mtandaoni mara nyingi wanataka namba ya kadi, tarehe ya kuisha na zile tarakimu 3 za nyuma, basi.

Jirani alizijaza zote Jumamosi, kwenye linki ya "mzigo wako umekwama, lipia kidogo." Alikumbuka mwenyewe, akanyamaza, kidole bado kiko kwenye ile 2,300.

Nyie meseji zenu za benki mmezikagua? Nani kapata meseji ya mzigo wiki hii?