Nilivyoikamata hitilafu kwa kuchuja logi za simu kwa tagi

Mwaka jana nilitengeneza programu ndogo ya Android kwa ajili ya kituo cha kukusanyia maziwa wilayani Rungwe. Karani anaandika jina la mfugaji na lita alizoleta, na jioni anabonyeza Tuma, rekodi zote zinaondoka. Kwenye simu yangu ilikwenda vizuri wiki nzima. Kituoni, siku ya tatu tu, karani akanipigia: "Mwanangu, imejifunga tena. Nikigusa Tuma, inapotea."

Nikaenda na kompyuta yangu yenye RAM ya GB 4. Android Studio, programu kubwa ya kutengenezea programu za Android, inaielemea, kwa hiyo nilikuwa nimeweka platform-tools peke yake, furushi dogo la zana ambamo imo adb, inayoiwezesha kompyuta kuongea na simu. Nikawasha utatuzi wa USB kwenye simu ya kituo, nikachomeka waya, karani akakubali ombi la ruhusa lililotokea kwenye kioo. Kisha nikaandika amri ya kusoma logi, yaani maandishi ya yale yanayotokea ndani ya simu:

adb logcat

Mistari ikamwagika kama mvua ya masika. Wi-Fi, betri, kibodi, kila kilichomo ndani ya simu kinaandika humo humo. Nikakimbilia grep, amri inayobakiza mistari yenye neno unalolitaka, nikatafuta neno maziwa. Mistari ilipungua, lakini grep inaokota neno popote lilipo, hata pale mfumo wenyewe unapotaja jina la kifurushi changu. Nilichotaka ni maneno ya programu yangu peke yake, na hayo nilikuwa nimeyapa tagi, yaani jina la utambulisho la mstari wa logi, ndani ya msimbo: Log.d("Maziwa", ...).

Logcat inachuja kwa tagi bila msaada wa grep. Unaandika tagi, nukta mbili, halafu herufi ya kiwango cha uzito wa ujumbe, kuanzia mwepesi: V, D (utatuzi), I, W, E (kosa), F, na mwisho S ya kunyamazisha kabisa. Ukitaja D, unapata D na vyote vilivyo juu yake. Nikaandika Maziwa:D *:S (nyota ni tagi nyingine zote), teminali ikakataa: "zsh: no matches found: *:S". Zsh, programu inayopokea amri kwenye teminali yangu, iliichukulia ile nyota kuwa jina la faili inalopaswa kulitafuta. Ukiifunga kwa alama za nukuu, yanaisha:

adb logcat -c
adb logcat -v time Maziwa:D '*:S'

Amri ya kwanza inafuta logi za zamani, na siku hizi sianzi kazi bila hiyo. Karani akagusa Tuma. Nikaona "naanza kutuma", nikaona "rekodi 41", kisha kimya. Programu imejifunga, na kwenye logi hakuna hata mstari mmoja wa kosa.

Hapo nilipoteza karibu saa nzima nikishuku mtandao. Kumbe kosa lilikuwa limeandikwa muda wote, ila mimi ndiye niliyelinyamazisha. Programu ya Java au Kotlin ikianguka, maelezo ya kuanguka hayaandikwi kwa tagi yako. Yanaandikwa kwa tagi ya AndroidRuntime, na '*:S' yangu ilikuwa imeifunga mdomo pamoja na wengine wote. Nikaiongeza:

adb logcat -v time Maziwa:D AndroidRuntime:E '*:S'

Safari hii yakaja yote: FATAL EXCEPTION, halafu java.lang.NumberFormatException: For input string: "12,5". Karani alikuwa anaandika lita kwa koma, kama anavyoandika kwenye daftari lake miaka yote, nami nilikuwa nimezihifadhi kama maandishi na kuzigeuza namba wakati wa kutuma tu. Mimi mwenyewe huandika kwa nukta, ndiyo maana simu yangu haikuanguka hata mara moja. Na kwa kuwa kila mstari wa maelezo yale unabeba tagi ile ile, niliufuata mlolongo mzima hadi kwenye mstari wa msimbo wangu. Grep ya neno moja isingenipa hivyo.

Niliwahi kujaribu pia --pid, inayochuja kwa namba ya mchakato. Ni nzuri programu ikiwa hai, lakini ikianguka na kuwashwa upya inapata namba nyingine, na kichujio kinabaki kikisubiri mchakato uliokwisha kufa. Tagi haibadiliki.

Nilibadilisha koma kuwa nukta kabla ya kugeuza namba, nikaweka toleo jipya pale pale kituoni, na rekodi 41 zikaondoka karani akitazama. Kwenye .zshrc yangu, faili la mipangilio ya zsh, sasa kuna mstari huu, ili adb logcat tupu ianze na kichujio hicho:

export ANDROID_LOG_TAGS="Maziwa:D AndroidRuntime:E *:S"

Programu ikipotea bila AndroidRuntime kusema neno, naondoa kichujio kwanza kwa unset ANDROID_LOG_TAGS, kwa sababu huenda mfumo ndio ulioiua kwa uhaba wa kumbukumbu, na habari hiyo huandikwa kwa tagi nyingine.