Nilivyosawazisha mkazo wa nyuzi katika cherehani changu

Krepu tunayoshonea mabuibui haisitiri kasoro ya mshono. Leso ya pamba ina unene wake, na ukiipinda pindo kwa cherehani ambacho nyuzi zake hazijalingana, dosari huzama ndani ya kitambaa na huenda isigunduliwe mpaka leso iwe imefuliwa mara nyingi. Krepu ni nyembamba na inateleza, kwa hiyo uzi uliolegea hujionyesha papo hapo. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiwapindia leso majirani wa Langoni, hapa mjini Lamu, bila ya malalamiko yoyote, nilipoanza kupokea kazi za mabuibui ndipo Bi mmoja wa Mkomani aliponirudishia lake, akaligeuza ndani nje na kuniambia, "Mwanangu, hebu tazama huku chini, uzi wote unavutika." Upande wa juu mshono ulikuwa umenyooka, lakini upande wa chini ulijaa vitanzi vidogo vidogo, na nilipouvuta kwa vidole ukaachia.

Ili kuelewa dalili hiyo, inafaa kwanza kujua mshono wenyewe unavyofungwa. Cherehani changu, kama vilivyo karibu vyote tunavyotumia majumbani, hushona kwa nyuzi mbili: mmoja hushuka na sindano na mwingine hutoka katika bobini, kigurudumu kidogo cha uzi kilicho chini ya bamba. Elias Howe aliuandikishia hataza mshono wa namna hii huko Marekani mwaka 1846, na kanuni yake ni ile ile hadi leo. Sindano inapoanza kupanda, uzi wa juu hufanya kitanzi, kisha kidude chenye ncha kinachozunguka chini hukidaka kitanzi hicho na kukipitisha nyuma ya bobini, na mkono wa kuvutia uzi ukipanda huukaza mpaka nyuzi mbili zikabane. Mahali pa kukabana panatakiwa pawe katikati ya unene wa kitambaa. Uzi wa juu ukiwa umekazwa kupita wa chini, huuvuta wa chini mpaka ukachomoza juu kama nukta. Ukiwa umelegea, wenyewe ndio unaovutwa, na vitanzi hutokea chini. Kwa hiyo vitanzi vilivyoko chini, mara nyingi, ni kasoro ya uzi wa juu. Nalisisitiza hili kwa kuwa mikono ya wengi hukimbilia bobini, kwani ndiko dosari inakoonekana, na parafujo ndogo ya kikasha chake ikishazungushwa bila ya hesabu, mtu hujikuta na matatizo mawili mahali pa moja. Mzee mmoja wa mtaani petu, fundi wa kanzu wa miaka mingi, nilipomweleza habari hii alinipa agizo moja tu: "Chini usiguse, mwanangu, mpaka juu umemaliza." Nililifuata agizo hilo kama alivyolitoa.

Nilianza kwa kuutoa uzi wote wa juu na kuupitisha upya. Mguu unaokandamiza kitambaa lazima uwe umeinuliwa wakati wa kupitisha uzi, kwa sababu visahani viwili vinavyoubana uzi hufunguka mguu ukiwa juu na hufunga mguu ukishushwa. Uzi ukipitishwa mguu ukiwa chini, huenda ukakaa juu ya visahani bila ya kuingia baina yake, na hapo hata ukikaza kiasi gani nati ya mbele yake, ile ya kurekebisha mkazo, hakuna kitakachobadilika. Baada ya kuupitisha niliuvuta kwa mkono karibu na sindano, kwanza mguu ukiwa juu, kisha ukiwa chini. Katika hali ya kwanza uzi unatakiwa uteleze bila ya kipingamizi, na katika ya pili ukatae kiasi cha kuipinda sindano kidogo. Katika cherehani changu tofauti baina ya hali hizo mbili ilikuwa ndogo mno. Jaribio hili halichukui muda wowote, na kwa maoni yangu ndilo lenye faida kuliko yote, kwani linaonyesha mara moja kwamba kasoro iko kwenye visahani, wala haiko kwenye namba ya mkazo iliyochaguliwa.

Basi nikavifungua visahani. Kazi hii niliifanya mchana, karibu na dirisha, na meza nikaitandika shuka jeupe ili kitu kidogo kikianguka kionekane. Katika vyerehani vyeusi vya zamani, mbele ya visahani kuna nati ya kuzungusha, kisha kipande chenye namba, kisha springi, na vyote hutoka kwa mpangilio ambao hauna budi kurudishwa kama ulivyokuwa; kila kipande nilichokitoa nilikipiga picha kwa simu kabla ya kukiweka upande, nikavipanga kwa safu kutoka kushoto kwenda kulia. Baina ya visahani nilikuta vumbi jeusi la nyuzi lililoshikana kama sufi, na katika nyuso za ndani madoa ya kutu. Anayeishi Lamu hastaajabu kuona kutu. Nyumba zetu ziko hatua chache kutoka baharini, na katika miezi ya kusi upepo huingiza unyevu wa chumvi hadi katika vyumba vya ndani, ukashika chuma chochote ambacho hakikufunikwa.

Katika kuiondoa kutu niliepuka msasa kabisa. Msasa huacha mikwaruzo, na mkwaruzo mmoja juu ya kisahani unatosha kuushika uzi na kuufanya uende kwa kustuka-stuka. Nilitumia kitambaa laini cha pamba kilichotiwa tone la mafuta ya cherehani, nikasugua kwa subira mpaka uso ukawa laini chini ya kidole, kisha nikavipangusa visahani vikauke kabisa, kwa kuwa mafuta yakibaki pale huchafua uzi na kukusanya vumbi jipya. Niseme hapa pia kwamba mafuta ya nazi, ambayo baadhi ya watu huyatia katika cherehani kwa kuwa yapo jikoni, hayafai mahali popote katika mashine hii: baada ya muda huganda na kunata, na kuyatoa ni kazi kubwa kuliko kuitoa kutu. Nilipovirudisha visahani na kurudia jaribio la kuvuta uzi, tofauti ikawa dhahiri: mguu juu, uzi unateleza, mguu chini, uzi unakataa.

Sindano niliibadilisha bila ya kuichunguza sana. Iliyokuwemo ilikuwa ya ukubwa wa 90/14, ambayo yafaa kwa leso, lakini kwa krepu niliweka nyembamba zaidi, ya 70/10, kwani tundu kubwa katika kitambaa chembamba huufanya mshono uonekane mlegevu hata pale nyuzi zinapokuwa sawa.

Hapo ndipo nilipoligeukia upande wa chini, na bado si kwa bisibisi. Chini ya kibamba cha chuma kinachoubana uzi kwenye kikasha cha bobini hukwama mavumbi ambayo jicho haliyaoni. Nilipitisha pembe ya karatasi ngumu chini yake na vikatoka vipande vya uzi uliooza. Niliijaza bobini upya, kwa mwendo wa taratibu, kwa kuwa bobini iliyojazwa vibaya, hapa ngumu na pale laini, hutoa uzi kwa mkazo unaobadilika kila mara, na mkazo wa namna hiyo hausawazishiki kwa nati wala parafujo. Kisha nikaupitisha uzi chini ya kibamba, nikashika ncha yake na kukiacha kikasha kining'inie. Kikasha kikishuka chenyewe mpaka mwisho, uzi wa chini umelegea. Kisiposhuka hata ukitikisa mkono, umekazwa mno. Kinachotakiwa ni kitulie, na ukikistua kidogo kishuke kiasi cha upana wa vidole viwili kisha kisimame. Changu kilikuwa kikishuka kwa kasi kidogo. Kwa kuwa yaliyo juu yalikuwa yamekwisha, sasa nilikuwa na haki ya kuigusa parafujo, lakini kwanza niliweka alama ya kalamu palipoelekea mfuo wake ili niweze kuirudisha, ndipo nikaizungusha kulia kwa mwendo usiozidi dakika tano katika uso wa saa, nikapima tena.

Marekebisho ya mwisho huwa juu, na hayo nilifanya kwa nyuzi za rangi mbili: nyeupe juu na nyekundu chini, juu ya kipande cha krepu ile ile ya mabuibui kilichokunjwa mara mbili, mguu ukiwa chini. Kutumia kitambaa kingine kwa majaribio ni kujidanganya, kwani mkazo unaofaa hutegemea unene wa kile kinachoshonwa. Nilianza na namba ya katikati, nikashona mstari mfupi, nikatazama pande zote mbili, nikabadilisha nusu namba na kushona mstari mwingine kando yake, mpaka nyekundu ikaacha kuchungulia juu na nyeupe ikaacha kuonekana chini. Kisha nikashona mstari wa mshazari, ambako kitambaa hunyumbuka zaidi, nikakishika kwa mikono miwili na kuuvuta kwa nguvu. Uzi wa juu ukikatika peke yake, ndio uliokazwa kupita mwenziwe. Ukikatika wa chini, basi ni huo. Zikikatika zote pamoja, au zisikatike kabisa, zimelingana. Mzee fundi wa kanzu alipoutazama mshono wangu alifanya jaribio hili hili kabla ya kusema lolote, kisha akanirudishia kitambaa na kutikisa kichwa kwa kukubali.

Katika cherehani changu krepu hukaa vizuri karibu na namba 3, leso ya pamba karibu na 4, na kitambaa cha kanzu baina ya hizo mbili. Namba hizi ni za mashine hii na sindano hizi, na jirani yangu mwenye cherehani kinachofanana na hiki kwa sura anatumia nyingine kabisa. Nimeziandika katika daftari, pamoja na aina ya uzi na ukubwa wa sindano, kwa sababu Mfungo Sita unapokaribia na watu wanataka kanzu na mabuibui kwa ajili ya Maulidi, mtu hushona vitambaa vitatu tofauti katika siku moja na hana nafasi ya kuanza majaribio upya. Parafujo ya chini siigusi tena. Mabadiliko yote kutoka kitambaa hadi kitambaa nayafanya kwa nati ya juu. Usiku cherehani hufunikwa kwa kitambaa kizito cha pamba, si kwa nailoni, kwani nailoni huufungia unyevu ndani, na visahani navipitishia ukanda wa kitambaa kikavu kila ninapobadilisha kigombo cha uzi.

Ziko kasoro ambazo hazitengenezeki kwa njia hii. Mshono unaoruka tundu hata baada ya kuweka sindano mpya, au sindano inayogonga chuma chini, haihusiani na mkazo: ni kwamba ile ncha inayodaka kitanzi haikutani na sindano kwa wakati wake. Hilo ni la fundi wa mashine, naye hahitaji kuletewa meza na pedali. Kichwa cha cherehani hushikwa na bawaba mbili upande wa nyuma. Ukilegeza parafujo zake na kuuondoa mkanda, kinatoka na kubebwa peke yake.