Handaki la Walenisi

Niliwahi kuwachimbia watu wa Walenisi handaki ambalo mwandishi wao hakuwachimbia. Nililichimba usiku mmoja wa mwaka 1999, kwa mwanga wa kandili, katika bweni la chuo kimoja cha ualimu huku pwani ya Kenya. Asubuhi yake nikalibandika ukutani watu wasome.

Kisa kilianzia kwa muuza vitabu vya mitumba aliyekuwa akitandaza turubai lake kando ya barabara, si mbali na Marikiti, Mombasa. Upande huu vitabu vya hesabu vya darasa la sita, upande ule majarida ya zamani yaliyokunjamana kwa unyevu. Katikati nikaiona Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi iliyotolewa na East African Educational Publishers mwaka 1995. Muuzaji alitaka shilingi 60. Nikasema 40, akanipa papo hapo, hata shingo hakukaza. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini. Nilipofika bwenini ndipo nilipoona kwamba kitabu kimenyofoka mwishoni: uzi umelegea, gundi imekauka, na karatasi za mwisho zimekwenda zilikokwenda, pengine kufungia karanga.

Nacho nilikihitaji sana. Kila Alhamisi jioni Chama cha Kiswahili kilikutana bwaloni, na kila mkutano mwanachuo mmoja aliwasilisha mapitio ya kitabu. Mapitio yaliandikwa kwenye karatasi ya manila na kubandikwa kwenye gazeti la ukutani siku mbili kabla, ili watu waje na maswali. Zamu yangu ilikuwa imefika, na jina langu lilikuwa limenitangulia. Chuoni waliniita Bwana Sayari.

Jina hilo nililipata kihalali. Katika shule yetu ya sekondari kuliwahi kuletwa kasha la vitabu vya msaada kutoka Uingereza, vingi vikiwa vimefupishwa kwa ajili ya wanafunzi. Wenzangu walivipita wakatafute vya mapenzi, mimi nikajifungia na Jules Verne, ambaye mwaka 1865 aliwatia watu ndani ya kombora na kuwafyatua kutoka Florida kwenda mwezini. Nikasoma na H. G. Wells, ambaye mwaka 1895 alimpeleka msafiri wake mpaka mwaka 802,701. Huko juu ya ardhi wanaishi Eloi, watu wazuri, wadogo, wavivu. Chini ya ardhi, gizani, kuna Morlock wanaoendesha mitambo, na usiku hutoka wakawala wale wa juu. Kitabu hicho kilininyima usingizi. Kwa wiki nzima sikukubali kulala kitanda cha chini.

Kutokana na vitabu kama kumi vya namna hiyo nilikuwa nimejitungia sheria. Na kwa kuwa tulikuwa tunafundishwa kutengeneza mwongozo wa kusahihisha, nami nikazitengenezea riwaya za kisayansi mwongozo wake: mtambo ulioelezwa vizuri, alama 5, sayansi isiyo na walakini, alama 5, viumbe wa ajabu, alama 5, mwisho wa kushtua, alama 5. Jumla 20. Leo nikiukumbuka mwongozo ule natamani kujificha, lakini wakati ule niliuona ni kazi ya kitaalamu.

Basi nikakisoma kile kitabu kwa mwongozo mkononi. Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo, anatiwa ndani ya chombo na kurushwa angani akafie huko. Badala ya kufa anafika Walenisi, na mwenyeji wake, Mtu-Binti, anamtembeza na kumwonyesha jinsi watu wa huko wanavyoishi bila bwana wala mtwana. Nilisoma kwa kurukaruka. Kila walipokaa kuzungumza mimi nilipekua mbele kutafuta injini. Mafuta ya chombo ni ya aina gani? Kinakwenda kasi gani? Watu wanapumua nini huko? Sikupata. Nikaandika pembeni kwa kalamu ya risasi: mtambo, 1.

Kisha nikafika pale karatasi zilipokwisha.

Nilikwenda maktaba. Mkutubi, mzee mmoja aliyevaa miwani miwili kwa zamu, akanitazama juu ya ile ya kusomea. "Hicho kimeazimwa, mwanangu. Njoo wiki ijayo." Wiki ijayo ilikuwa imechelewa. Nikarudi bwenini, nikakaa na kandili langu, nikawaza. Nchi isiyo na bwana wala mtwana? Watu wote wanashiba, wote wanasoma, hakuna anayelalamika? Lazima kuna mtu anayefanya kazi mahali pasipoonekana. Wells alikwisha nifundisha. Nikaandika kwa wino mweusi, herufi kubwa, bila kutetemeka mkono, kwamba mwishoni siri ya Walenisi inafichuka, kwamba chini ya mji ule mzuri kuna handaki la wafanyakazi wasioliona jua, na kwamba mwisho huo ni wa kutabirika kwa msomaji mzoefu. Nikaongeza kwamba majina, likiwamo Dzombo na la sayari yenyewe, ni ya kubuni tu, hayana maana yoyote. Nikatoa alama 9 kwa 20.

Sehemu inayoniuma mpaka leo ni ile ya "msomaji mzoefu".

Alhamisi jioni bwalo lilijaa. Harufu ya maharagwe ilikuwa bado hewani na wapishi walikuwa wanaosha masufuria nyuma ya kile kidirisha cha kupakulia chakula. Nikawasilisha. Nilizungumza vizuri, nakiri, maana wakati wa kusema uongo ulimi wangu huwa mwepesi. Mlezi wa chama akaniambia ahsante, akauliza kama kuna swali.

Akasimama dada mmoja wa mwaka wa pili. Tulijua tu kwamba anatoka Kwale na kwamba hazungumzi mikutanoni. Alikuwa na kitabu kwapani, kimevikwa jalada la gazeti kama tulivyofundishwa kutunza vitabu vya maktaba.

"Kaka, samahani. Hilo handaki liko ukurasa wa ngapi?"

Nikamwambia liko mwishoni.

"Mwishoni wapi? Mimi nimesoma mpaka nukta ya mwisho, nimesoma na yaliyoandikwa nyuma ya kitabu. Handaki sijaliona. Naomba unionyeshe kwenye chako."

Kitabu changu kilikuwa mezani mbele yangu, kimelala kifudifudi. Nikakiinua polepole, na karatasi moja iliyokuwa imeshikiliwa na uzi ikajichomoa, ikapepea, ikaanguka miguuni mwa mlezi. Mlezi akaiokota, akaitazama, akakitazama kitabu, akanitazama mimi. Hakusema kitu. Vicheko vilianzia safu za nyuma.

Yule dada hakucheka. Laiti angecheka ningejua pa kujishika.

"Na umeandika kwamba Dzombo ni jina la kubuni. Kwetu Dzombo ni kilima. Nimekiona tangu sijajua kusoma. Na hili jina la kitabu nalo, umesema halina maana?"

"Ni jina la sayari," nikasema. "Kama Zuhura, kama Mirihi."

"Lisome."

"Wa-le-ni-si."

"Unalikata kama muhogo. Lisome kama mtu anayeongea."

Nikanyamaza. Nilikuwa nalitamka jina lile tangu Jumapili kwa lafudhi ya angani, nikilivuta katikati, nikidhani nalitendea haki. Kabla sijafungua kinywa, sauti ikatoka kwenye kidirisha cha jikoni, ya mpishi ambaye hakuwahi kukiona kitabu na alikuwa ameshika sufuria lenye mapovu:

"Wale ni sisi!"

Bwalo lilipasuka. Watu walipiga meza. Mimi mzaliwa wa pwani, niliyeanza kusema kwa Kiswahili na anayesomea kukifundisha, nilikuwa nimeshindwa kusoma maneno matatu ambayo mtoto wa chekechea angeyasoma, kwa sababu yalikuwa yameandikwa juu ya kitabu cha sayari, nami nilijua sayari haziongei lugha yetu.

Mtu mmoja akauliza kwa sauti, "Sasa hao wale ni akina nani?" Hapo mlezi akageuka kutazama mlango. Nilikuja kuelewa baadaye alikuwa anatazama nini. Ilikuwa 1999, tuko katika chuo cha serikali, na Mkangi hakuwa mtu wa kujadiliwa bila kutazama mlango. Alikuwa mwanasosholojia, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyekamatwa mwaka 1986 na kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, na miaka miwili tu kabla ya jioni ile, katika uchaguzi wa 1997, alikuwa amegombea urais dhidi ya rais aliyekuwa bado yuko madarakani. "Tumesikia," mlezi akasema. "Muda umekwisha. Ajenda inayofuata ni ada ya chama."

Nje, gizani, yule dada alinipa kitabu. Kilipaswa kurudi maktaba kesho yake, basi asubuhi tukaenda pamoja kwa mzee wa miwani miwili, akakata jina lake kwenye kadi na kuandika langu. Safari hii nilisoma mazungumzo. Nilipofika kwenye kile chombo nikaona nilichokuwa nimeruka nikitafuta injini. Msafiri wa Wells anaunda mtambo wake mwenyewe kwa sababu ana hamu ya kujua. Watu wa Verne wanajitolea kupanda kombora. Dzombo hakuunda kitu wala hakujitolea, chombo chake ni kitanzi tu. Mtu aliyewahi kufungiwa chumbani na serikali bila kuambiwa kosa ataandikaje habari za mafuta yanayokiendesha? Mimi nilimnyima alama 4 kwa hilo.

Mwisho wa kitabu sitausimulia, maana yuko ambaye hajausoma, na mimi nimekwisha kuuharibu mara moja.

Niliandika mapitio mengine, mafupi zaidi, bila alama. Mstari wa kwanza ulisema: Handaki halimo. Mwongozo wangu nao nikauchana, na ikawa heri, kwa sababu miaka michache baadaye nilisoma Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, na kwa mwongozo ule nadhani ningedai nielezwe mtambo uliomfufua babu.

Kabla ya kurudisha kitabu cha maktaba nilinakili kurasa zilizokosekana. Mashine ya fotokopi ilikuwa ofisini kwa mkuu wa chuo na wanachuo hatukuisogelea, kwa hiyo niliandika kwa mkono, kwa kalamu ya buluu, kwenye karatasi za daftari zenye mistari, nukta kwa nukta, siku mbili. Kisha nikazishonea kwenye kile cha shilingi 40 kwa sindano ya kushonea magunia.

Ninacho mpaka leo, na huwaazima wanafunzi wangu. Karibu kila anayekirudisha hukifungua pale chapa inapokoma na mwandiko wangu unapoanza, akaniuliza kwa mashaka, "Mwalimu, huu mwisho umeutunga wewe?"

Namwambia safari hii hapana.