Tishio la Korea Kaskazini halipimwi kwa umbali wa Marekani

Kila Korea Kaskazini inaporusha kombora, ubishi ule ule hufufuka. Wapo wanaoamini kwamba dunia inakabiliwa na hatari kubwa, na wapo wanaoshikilia kuwa Kim Jong Un anatunisha misuli tu, kwa kuwa anajua fika kwamba siku atakayotumia silaha ya nyuklia ndiyo itakayokuwa ya mwisho kwa utawala wake. Kinachonisikitisha ni kuwa pande zote mbili hupenda kuuliza swali moja: je, kombora hilo linafika Marekani?

Katika swali hilo wenye shaka wana hoja. Tangu kombora la Hwasong-14 la Julai 2017, makombora ya Kaskazini ya kuvuka mabara yamekuwa yakirushwa juu sana na kuangukia baharini, bila kufikishwa umbali wake kamili, na kwa hiyo wataalamu bado wanabishana kama kichwa cha kombora kitahimili joto la kurejea katika angahewa. Lakini Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini wenye watu zaidi ya milioni tisa, iko takriban kilomita 50 tu kutoka mpakani, na kwa mkazi wake ubishi huo hauna maana yoyote. Bomu lenyewe lipo: kati ya 2006 na 2017 Kaskazini ilifanya majaribio sita ya nyuklia katika eneo lake la Punggye-ri, na la mwisho lilikuwa na nguvu mara kadhaa ya bomu lililoangushwa Hiroshima.

Mimi pia naamini kwamba Kim hataki kujiangamiza. Hata hivyo, sheria iliyopitishwa Pyongyang mnamo Septemba 2022 inaruhusu silaha hizo zitumike kwanza endapo itaonekana kuwa shambulio limekaribia, na inaagiza kwamba uongozi wa majeshi ya nyuklia ukihatarishwa, adui apigwe papo hapo. Korea Kusini nayo ina mpango wa kuwahi kuyapiga makombora ya jirani yake kabla hayajarushwa. Pale ambapo kila upande umejiandaa kumtangulia mwenzake, vita vinaweza kuanza bila yeyote kuvitaka, kwa sababu tu ya taarifa iliyosomwa vibaya katika dakika chache za hofu.

Kuna simu zilizowekwa baina ya Korea hizo mbili kwa ajili ya dakika kama hizo. Aprili 2023, Kaskazini iliacha kuzipokea.