Baba alizikwa bila kengele

Siku baba alipofariki, mwaka 1991, baba mkubwa alishuka hadi nyumbani kwa mchungaji kupeleka taarifa ya msiba. Ndiyo desturi ya Walutheri wa kwetu, huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Taarifa ikishafika kengele hugongwa, na walioko mashambani husimamisha majembe na kuulizana ni nani. Tulikaa uani tukisubiri kengele. Baba mkubwa akarudi kabla ya giza, akavua kofia, akasema haitagongwa.

Sababu tuliijua. Baba alitengwa na kanisa mwaka 1979. Alikuwa dereva wa lori, akapata mwanamke mwingine huko tambarare, upande wa Arusha Chini kwenye mashamba ya miwa. Wenzake wengi walikuwa na nyumba ndogo na walizificha. Yeye alitoa mahari na kumtambulisha kwa ndugu zake. Jumapili moja jina lake likasomwa kwenye matangazo, baada ya tangazo la michango ya bati: ametengwa na Meza ya Bwana kwa kuoa mke wa pili. Alikuwa mpiga tarumbeta wa usharika, yaani kanisa letu la mahali. Kesho yake alilifuta tarumbeta lile, akalifunga kwenye kitenge na kulirudisha ofisini mwenyewe.

Kwa maandishi, alichozuiwa ni Chakula cha Bwana tu. Hakuna aliyemkataza kuingia kanisani, kusikiliza neno au kutoa sadaka. Lakini adhabu ya kanisa ikishatangazwa huwa watu wanaiongezea ya kwao. Jumuiya ya nyumba kwa nyumba ikaanza kuruka nyumba yetu. Kwenye harusi aliwekewa kiti pembeni. Wazee aliokuwa akinywa nao mbege, pombe yetu ya ndizi, kutoka kata moja ya kibuyu wakaanza kuletewa kata nyingine akifika yeye. Nilikuwa na miaka 12, na niliona baba anavyojifunza kuondoka mapema kila mahali ili asiwape watu shida ya kumkwepa.

Kwa hiyo jioni ile ya msiba majibu yalikuwa haya: hakuna kengele, hakuna kuingiza jeneza kanisani, hakuna mchungaji mwenye joho. Mchungaji angekuja kukaa nasi kama jirani.

Ukoo ukagawanyika. Baadhi ya wazee wakasema tumzike kimila, tuchinje, kazi iishe. Binamu yangu mmoja akasema anawafahamu wahubiri wa kilokole huko Moshi mjini ambao wangekuja kwa nauli tu. Mama alikuwa amekaa mkekani, amejifunga kanga mbili, hajasema neno tangu mchana. Akasema, "Alibatizwa hapa. Alipata kipaimara hapa. Mimi na yeye tulifunga ndoa hapa. Atazikwa na watu wa hapa." Kisha akaniambia nichukue karabai.

Kabla ya kutoka alipita kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, akakata jani la isale. Kwa Wachaga, anayekuja na jani hilo mkononi anaomba amani, na aliyeletewa ni aibu kubwa kumrudisha mtu bila kumsikiliza. Wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika mlimani mwaka 1893, na wazee wa kanisa tuliokuwa tunakwenda kuwaona walikuwa wajukuu wa watu waliobatizwa mwanzo kabisa, Walutheri kindakindaki, lakini hapakuwa na hata mmoja ambaye angejifanya hajui isale ni nini.

Baraza la wazee lilikuwa limekutana ofisini. Mama aliliweka jani juu ya meza, kati ya kitabu cha kumbukumbu na muhuri, akabaki amesimama. Mimi nilisimama nyuma yake na taa.

Mchungaji alikuwa kijana, amehamia kwetu mwaka uliotangulia, na sitaki asomwe kama mtu katili. Alimpa mama kiti, mama akakikataa kwa upole. Akasema, "Mama, nikimzika kama wengine, nitawaambia nini akina mama ambao waume zao wanatamani kufanya alivyofanya yeye?"

Swali hilo ni zito, na nimelibeba miaka yote hii. Kwani kutengwa kwa baba kulimpa mama kitu. Ukoo ulikuwa umemwambia avumilie, kwamba mwanamume ni hivyo, kwamba hata babu alikuwa na wake watatu. Kanisa peke yake ndilo lililosema waziwazi kuwa amedhulumiwa. Bila tangazo lile la mwaka 1979, mama angebaki na machozi yake jikoni na watu wangeendelea kumwita mwenye wivu. Wanaosema nidhamu ya kanisa ni ukatili mtupu hawajawahi kukaa upande wa aliyekosewa.

Mzee mmoja akafungua Wakorintho wa Kwanza, sura ya 5, akasoma pale Paulo anapowaambia wamwondoe yule mbaya miongoni mwao, na mtu wa namna hiyo wasikubali hata kula naye. Alisoma vizuri, kwa sauti ya madhabahuni. Alipomaliza, mwinjilisti wetu mzee, ambaye alikuwa amestaafu na aliitwa kwenye baraza kwa heshima tu, akasema, "Sasa tusomee barua ya pili, sura ya 2." Yule mzee akafungua, akasoma polepole zaidi: kwamba adhabu aliyopewa mtu yule na walio wengi yamtosha, kwamba sasa wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni ipitayo kiasi.

"Na Mathayo 18," akasema mwinjilisti. "Enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Nani alikwenda?"

Mwandishi wa baraza akafungua kitabu cha kumbukumbu cha zamani, akafuata mstari kwa kidole. Nilikuwa karibu, na taa ilikuwa mkononi mwangu, nikaona. Paliandikwa jina la baba, tarehe, kosa, na neno moja: ameonywa. Jina la aliyemwonya halikuwepo. Wakaulizana. Mmoja akasema ni marehemu fulani, mwingine akasema hapana, huyo alikuwa mgonjwa mwaka ule. Ndipo mwandishi akakumbuka kuwa barua ilipelekwa. Nami nikakumbuka, maana mpelekaji nilikuwa mimi. Nilipewa bahasha baada ya mafundisho ya Jumapili, nikaambiwa nimpe baba, nikampa akiwa anabadilisha tairi. Hakuna mtu mzima aliyekuja kwetu, si peke yake, si na mashahidi wawili. Hatua tatu ambazo Bwana alizipanga zilirukwa zote hadi kwenye ile ya nne, ya kumtenga. Na sura ile ile, kabla ya maneno hayo inaeleza mtu anayeacha kondoo tisini na tisa amtafute mmoja, na baada yake Petro anauliza asamehe mara ngapi. Hapo katikati ndipo penye nidhamu.

Niliwaambia hilo la bahasha. Sauti yangu ilitetemeka lakini nilisema.

Mama akasema la mwisho. "Aliyekosewa ni mimi. Nimemsamehe. Nilimwambia akiwa hai, hospitalini, akalia. Ninyi mnamdai nini?"

Hakuna aliyelijibu. Lakini kanuni ilikuwepo, na kulikuwa na jambo ambalo hata mwinjilisti hakuweza kulizunguka: baba hakuwahi kusimama mbele ya usharika kutubu. Wiki ya mwisho aliniomba nimsomee Zaburi ya 51, nikamsomea mara nyingi. Mzee mmoja akauliza kama hiyo ni toba. Majirani zetu Wakatoliki wa Kilema wana sheria ya mwaka 1983 inayosema mkosaji wa dhahiri asinyimwe mazishi ya kanisa ikiwa alionyesha dalili fulani ya toba kabla ya kufa. Sisi, toba iliyotambulika ni ile ya kumwacha mke wa pili. Baba angemwacha wapi yule mama na watoto wanne? Hakuna mzee aliyekuwa na jibu, na sidhani kama mwaka 1979 kuna aliyejiuliza.

Wakakubaliana nusu. Mchungaji atakuja bila joho, ataombea waliofiwa, wimbo utaimbwa. Jeneza halitaingia kanisani. Kengele hapana. Mama akalichukua isale lake, na mchungaji akamwambia, "Liache, mama." Akaliacha.

Tulimzika kihambani, kati ya migomba, siku ya pili yake saa nane mchana. Mchungaji alivaa koti la kijivu. Wenzake baba wa matarumbeta walikuja mikono mitupu, kwa kuwa vyombo ni mali ya usharika, wakaimba kwa midomo sauti zote nne, na mmoja wao alilia tangu ubeti wa kwanza hadi mwisho. Yale maneno ya mavumbi kurudi mavumbini hayakusemwa. Mwinjilisti mzee aliinama, akatupa udongo mara tatu, akarudi mahali pake.

Mama mdogo, yule mke wa pili, alikuwa amekuja kutoka tambarare na watoto wake wanne. Naye alikuwa ametengwa, usharika mwingine, kosa lile lile. Walikaa juu ya majani ya migomba karibu na banda la ng'ombe, mbali na turubai. Baada ya mazishi akina mama wa kanisa waliokuwa wakigawa chakula walipita na masinia ya makande na ndizi nyama. Niliwaona wakifika karibu na banda na kugeuka. Hawakuwa na chuki usoni. Walifanya kama watu wanaotii.

Mama alinyanyuka mkekani. Mjane kwetu hatoki mkekani ovyo, kwa hiyo kila mtu aliona. Akachukua sahani ya bati, akapakua ndizi mwenyewe, akaenda bandani, akakaa chini juu ya yale majani. Akaweka sahani kati yake na mama mdogo. Akamega kwanza, akala. Mama mdogo hakuweza kula, mikono ilikuwa mapajani. Mama akamwambia kitu kwa Kichaga, taratibu: "Kula, watoto wanakuangalia." Wakala sahani moja, wale wanawake wawili, na mdogo wa mwisho akaja kuchovya naye. Baadaye mwenyekiti wa akina mama alitoka jikoni na birika na beseni, akawanawisha wote wawili, na masinia yakaanza kwenda upande ule.

Mama mdogo alirudi kundini baadaye, na mama alikwenda hadi usharika wake kusimama naye siku ile. Nilifurahi, lakini kuna jambo ambalo sijalikubali mpaka leo: alipokelewa kwa urahisi kwa sababu mume amekufa. Kizuizi kilikuwa uhai wa baba.

Leo mimi ni mzee wa kanisa, katika usharika mwingine, mjini. Nimesoma makala za Smalkald, moja ya maandiko ya imani ya Kilutheri, ambazo Luther aliziandika yeye ambaye Roma ilimtenga mwaka 1521. Kutengwa kwa Kikristo anakokubali ni kuwazuia wakosaji wa dhahiri na wakaidi wasifike kwenye sakramenti na ushirika mwingine wa kanisa mpaka watakapojirekebisha na kuepuka dhambi. Hataji viti vya harusini wala masinia ya msibani. Mimi naamini katika nidhamu hiyo. Nimepiga kura ya kumzuia mtu aliyekula fedha za mayatima, na ningepiga tena.

Mwezi uliopita jina la kijana mmoja lililetwa barazani, ameishi na binti bila ndoa, karatasi ya tangazo imeshachapwa. Nikauliza nani amekwenda kwake. Wakatazamana. Karatasi imewekwa kwenye droo, na nimepangiwa kwenda Jumamosi, peke yangu kama Mathayo anavyotaka. Nimempigia simu tayari. Amesema nije saa kumi, akishatoka zamu.